Neno 'sumu' latuficha mengi kuhusu wanyama

Mvua ya masika inapokolea, haikosi shule ya bweni ambamo mwanafunzi huamka asubuhi akiwa na mchirizi mwekundu shingoni, ngozi imemwiva kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Wenzake humzunguka na kutoa hukumu kabla muuguzi hajafika: ameumwa na Nairobi flai. Walio na umri wa kuzikumbuka mvua za El Niño watakumbuka pia jinsi hukumu hiyo ilivyorudiwa kote nchini mwaka 1998, mdudu huyo alipozagaa majumbani na mabwenini.

Tazama, msomaji, kosa lililomo katika kitenzi hicho. Mdudu yule hakuuma. Hana mwiba wa kumdunga mtu. Kwanza si nzi hata kidogo, licha ya jina alilopachikwa. Ni wa jamii ya mbawakawa, mwembamba kama punje ya mchele, mwenye mapande meusi na mengine mekundu yaliyoelekea rangi ya chungwa. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya majimaji ya mwili wake, naye hutembea nayo siku nzima bila kumdhuru mtu. Madhara huanza pale mtu anapomponda, aghalabu usingizini, akayapaka majimaji yale kwenye ngozi yake mwenyewe. Akifikicha jicho kwa kidole kile kile, jicho nalo huvimba. Basi mtenda ni mtu na mtendwa ni mdudu, ilhali sentensi yetu imewabadilishia nafasi.

Kosa hili si la wanasarufi pekee kulitia maanani. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ameumwa atamwandama mdudu wa pili ukutani na kumponda kwa kiganja ili alipize kisasi, na kesho ataamka na mchirizi mwingine. Aliyeambiwa jinsi mambo yalivyo atampuliza aende zake, kisha aoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi.

Mimi ni mtu wa isimu, na wanabiolojia watanisamehe nikipita katika shamba lao. Nimelazimika kupita humo kwa sababu kila mwaka, katika kuwakagua walimu wanafunzi wanapokwenda mazoezini, hukutana na orodha moja isiyobadilika ubaoni: wanyama wenye sumu ni nyoka, nge, nyuki, chura, bunju, taa. Orodha yenyewe haina uongo. Udhaifu wake ni kwamba imewafunga kamba moja viumbe ambao hawafanani kwa lolote ila kwa neno letu la sumu. Nashikilia kwamba nomino hiyo ni pana mno, na kwamba maarifa tunayoyahitaji yamelala katika vitenzi vyetu, ambavyo hatuvitumii ipasavyo.

Neno sumu tulilipokea kutoka kwa Kiarabu, kama tulivyopokea dawa na daktari wa kale tabibu, na limetutumikia kwa karne nyingi. Hata hivyo, kabla yake Wabantu hawakukaa bila neno. Mgiriama huita sumu ya mishale utsungu. Mswahili anayo nomino hiyo hiyo, uchungu, au utungu kwa lafudhi ya Mombasa na kwa kila mama anayejifungua, lakini kwetu imebaki na ladha ya mwarobaini, maumivu na huzuni ya mfiwa. Kizulu, kule kusini kabisa, kina ubuhlungu kwa maana ya maumivu, na isihlungu kwa maana ya sumu ya nyoka. Anayeshuku undugu wa maneno haya na ahesabu hadi tano: sisi husema tano, Wagiriama tsano, Wazulu hlanu. Ni mpangilio ule ule wa sauti. Inaelekea basi kwamba neno la wazee wetu lilibeba ukali wa mti, maumivu ya jeraha na kifo cha mnyama kwa pamoja, na sumu ya Waarabu ilipoingia ikachukua sehemu moja ya mzigo huo.

Wako wanaodai kwamba Kiingereza kimetushinda hapa kwa kuwa na maneno mawili, poison kwa kile kinachoudhuru mwili kikiliwa au kikiguswa, na venom kwa kile kinachoingizwa mwilini kwa jino au mwiba. Tofauti hiyo ni ya manufaa, nakiri. Lakini Waingereza nao waliokota. La kwanza walilitoa katika Kilatini kupitia Kifaransa, na maana yake ya asili ilikuwa kinywaji tu. La pili nalo ni la Kilatini, na wanaisimu wengi hulihusisha na dawa ya mapenzi. Kuhusu kivumishi wanachokitumia wanasayansi kwa kila kitu chenye sumu, chimbuko lake ni toxon, yaani upinde kwa Kigiriki. Mgiriki wa kale, kama Mgiriama, aliifikiria sumu kwa kuutazama mshale.

Na mshale ndio unaonileta kwa mnyama ambaye kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu.

Katika milima na vichaka vya Kenya, na vilevile Uhabeshi, Somalia, Sudan, Uganda na Tanzania, anaishi panya mkubwa ambaye uzito wake hukaribia kilo moja. Wanasayansi humwita Lophiomys imhausi, jina alilopewa na Mfaransa Milne-Edwards mwaka 1867. Mgongoni ana manyoya marefu yanayosimama kama shungi la ndege, na kwa sababu hiyo nitamwita panya-shungi katika makala haya. Hutoka usiku. Mwendo wake ni wa pole, wa mtu asiye na hofu ya kuchelewa, jambo la ajabu kwa panya, kwa kuwa panya wa kawaida huishi kwa kukimbia.

Adui anapomkaribia, panya-shungi hatoroki. Husimama, akageuza ubavu, akayatenga manyoya yake marefu mithili ya mtu anayefungua pazia. Hapo huonekana michirizi myeupe na myeusi, na kati yake ukanda wa manyoya mafupi ya rangi ya udongo. Ni kana kwamba anamwambia mbwa: niume hapa. Mbwa asiyemjua humng'ata papo hapo. Panya mwenyewe mara nyingi hunusurika, maana ngozi yake ni ngumu na fuvu lake limejengwa kama kofia ya chuma. Mbwa ndiye hutokwa na povu, akapepesuka, na mara nyingine akafa. Anayepona humkwepa panya huyo maisha yake yote.

Kwa miaka mingi watu waliowahi kuona jambo hilo walidhani kwamba panya huyu ana tezi za sumu ngozini. Ukweli ulitangazwa mwaka 2011 na kundi la watafiti lililoongozwa na Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama mzaliwa wa Tanganyika, ambamo alikuwamo pia Mkenya Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa. Walimpa panya-shungi vijiti na mizizi ya msunguti. Akabambua gome, akalitafuna, akalichanganya na mate, kisha akageuza kichwa na kujipaka mchanganyiko ule ubavuni, kwenye ukanda ule wa manyoya mafupi na si penginepo. Manyoya hayo yalipotazamwa kwa darubini yalionekana si kama manyoya mengine. Ganda lake la nje limetobolewa matundu mithili ya sega la asali, na ndani yake mna nyuzi nyembamba zinazofyonza majimaji kama utambi wa koroboi ufyonzavyo mafuta taa. Panya huyu hana sumu yake mwenyewe. Huiazima kwa mti.

Msunguti haukuhitaji kutambulishwa kwa Wakenya na watafiti hao. Wamaasai huuita olmorijoi, Wakamba kivai, Wakikuyu muricu. Ni mti ule ambao Waata wa nyika ya Tsavo, na majirani zao Wagiriama na Wakamba, waliutumia kwa mishale ya kumwangusha hata ndovu. Mbao na mizizi hukatwakatwa, ikachemshwa kwa saa nyingi, vipande vikatolewa, na maji yakaendelea kuchemka mpaka yakawa ute mzito mweusi kama lami. Ute huo hupakwa kwenye chembe cha mshale, kisha hufungwa kwa ngozi nyembamba ili usikauke na ili mwindaji asijidunge. Lile lililokuwa kazi ya moto na sufuria kwa mwanadamu, panya hulimaliza kwa meno na mate.

Kemikali iliyomo humo ni wabaini. Ilitengwa mwaka 1888 na mkemia Mfaransa aliyeitwa Arnaud, na jina lake lilitokana na neno la Kisomali waabaayo, lenye maana ya sumu ya mishale. Hushambulia vijipampu vilivyomo katika kila seli ya mwili, vile vinavyotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Vijipampu vikikwama, moyo hupoteza mpango wake wa kupiga, ukasimama. Kwa kipimo kidogo sana, kemikali hiyo hiyo iliwahi kutumiwa na madaktari wa Ulaya kuwatibu wagonjwa wa moyo. Na kuna sumu ndugu yake iitwayo kombe, ya eneo la mto Zambezi, ambayo daktari John Kirk, aliyesafiri na Livingstone kati ya 1858 na 1863, aliitambua nguvu yake kwa njia ya kuchekesha kidogo: mswaki wake ulikuwa umekaa mfukoni pamoja na sumu hiyo, na alipopiga mswaki akasikia uchungu mdomoni na mapigo ya moyo wake yakapungua. Jina kombe limo hadi leo katika jina la kisayansi la mmea wenyewe. Nayataja haya kwa ajili ya wale wanaotuambia kwamba lugha zetu haziwezi kubeba sayansi. Sayansi yenyewe imebeba maneno yetu katika vitabu vyake, nasi tunayasoma bila kuyatambua, kwa kuwa yamerudi yamevaa koti.

Mwaka 2020 watafiti wengine, wakiongozwa na Sara Weinstein na wakishirikiana tena na Makavazi ya Kitaifa, walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Laikipia. Walikuwa wamewanasa panya-shungi 25 na kuwatazama kwa kamera kwa saa zinazokaribia 1,000. Baadhi yao walitafuna msunguti na kujipaka, na hawakuonekana kudhurika. Lililowashangaza watafiti zaidi ni kwamba wanyama hawa waliodhaniwa kuwa wapweke huishi dume na jike pamoja, wakisafishana manyoya na kuliana kama paka aliyeshiba. Kwa nini sumu isiyomwacha mbwa haimwui anayeitafuna? Inadhaniwa kwamba vijipampu vya seli zake vina umbo ambalo wabaini haiwezi kulishika vizuri, na tumbo lake lenye vyumba, linalofanana na la mnyama anayecheua, huenda nalo lina sehemu yake.

Sasa rudi kwenye sarufi. Nyoka huuma, au kama wasemavyo baadhi ya wenzetu wa Tanzania, hugonga. Nge hudunga. Swila hutema. Ipo aina ya swila, mkubwa kupita wote wa ulimwengu watemao, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2007 kutokana na nyoka wa Watamu katika pwani yetu, na jina lake la kisayansi likamuenzi James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka huko. Anaweza kurusha sumu yake zaidi ya mita mbili, akilenga macho. Kwa hao wote, mnyama ndiye mtenda. Lakini panya-shungi hujipaka. Kiambishi -ji- kinafanya kazi kubwa hapo, kazi ile ile inayofanywa katika kujipaka hina au kujipaka wanja. Baada ya kujipaka, hungoja. Anayeuma ni mbwa, na aliyeuma ndiye anayekufa. Katika sentensi ya Nairobi flai, anayeponda ndiye anayeungua. Ukisema tu kwamba panya huyu "ana sumu", umeifuta hadithi nzima, ukamwacha mwanafunzi akidhani kwamba kinachotisha ni meno ya panya.

Hayuko peke yake katika kuazima. Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba ambaye watoto humchezea kama mpira, ana tabia ya kumtafuna chura mwenye sumu kisha akajipaka povu juu ya miiba yake. Mtafiti Brodie alijaribu miiba hiyo kwenye ngozi ya watu waliojitolea na kuchapisha matokeo mwaka 1977: miiba iliyopakwa iliwasha na kuuma kuliko ile iliyosafishwa. Kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, ambaye hakosi katika bustani zetu, naye hukusanya sumu angali kiwavi kwa kula mimea yenye utomvu mweupe. Mimea hiyo na msunguti ni jamii moja, na sumu zao ni za kundi moja la kushambulia moyo. Ndege aliyemla mmoja akatapika hamrudii mwingine. Hata Nairobi flai niliyeanza naye hatengenezi pederini yeye mwenyewe. Hutengenezewa na bakteria wanaoishi ndani yake. Ningeweza kuendelea, lakini nahofia kugeuza safu hii kuwa maonyesho ya wanyama.

Lipo jambo zito zaidi, nalo liko baharini.

Taa ana mwiba mkiani. Mvuvi akimkanyaga majini, mwiba humchoma na sumu ikaingia katika jeraha. Sumu hiyo ni ya protini, kama zilivyo sehemu kubwa ya sumu za nyoka, na protini huharibiwa na joto. Ndiyo sababu huduma ya kwanza inayoshauriwa ni kutumbukiza mguu katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyounguza, kwa muda wa kutosha, maumivu yakapungua, kisha mtu apelekwe hospitali. Bunju, samaki yule anayejijaza maji akawa duara kama puto, anayo sumu ya namna tofauti kabisa. Iko hasa katika ini, mayai na ngozi yake. Hana mwiba wa kuipenyezea, humngoja anayemla. Sumu hiyo huzuia ujumbe wa neva, midomo ikafa ganzi, viungo vikalegea, na misuli ya kupumua ikasimama mtu akiwa na fahamu zake. Haina dawa ya kuipinga. Na haiharibiwi na moto wa jikoni: uichemshe, uikaange, uipike kwa nazi, ni ile ile. Bunju naye ameazima, kwa kuwa sumu hiyo hutengenezwa na bakteria na humfikia kwa njia ya chakula chake. Bunju wanaofugwa kwa chakula kilichochujwa hukua bila sumu.

Wawili hawa wamekaa bega kwa bega katika orodha ya ubaoni. Mwanafunzi aliyesikia kwamba joto huivunja sumu ya taa, na anayejua neno moja tu la sumu, ana haki gani ya kulaumiwa akiamini kwamba sufuria itamtengenezea bunju?

Simzungumzii mtu wa kubuni. Katika kisiwa cha Pemba, Novemba 2021, watu 7 walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba hiyo hiyo, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja, na wengine wasiopungua 78 wakalazwa. Kasa si mnyama wa sumu kwa desturi. Wengi wamemla wakapona, na nyama yake huhesabiwa kuwa kitoweo cha heshima. Lakini pengine kasa hukusanya mwilini sumu ambayo wataalamu huihusisha na mwani na vijimea vya baharini anavyovila, na hakuna alama ya nje inayomtofautisha mwenye sumu na asiye nayo. Kupika hakuiondoi. Mama aliyekula huweza kumpa mwanawe sumu hiyo kwa maziwa ya kifua, na hiyo ndiyo sababu moja inayowafanya watoto wawe wengi miongoni mwa waliopotea. Ukimwambia mpishi wa Panza kwamba kasa "ana sumu", atakuonyesha majirani kumi waliomla mwaka jana. Ukimwambia kwamba kasa "huokota sumu" katika malisho yake, leo anayo na kesho hana, na kwamba moto hauigusi, umempa jambo la kulifikiria kabla hajawasha jiko. Tofauti ya kauli hizo mbili imo katika kitenzi.

Wawindaji wetu wa kale waliyajua mambo haya kwa undani kuliko orodha zetu. Walimla mnyama waliyemwua kwa mshale wa msunguti, baada ya kukata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, kwa kuwa walijua kwamba sumu inayoua ikiingia damuni hufyonzwa kwa shida tumboni. (Wanafunzi wasijaribu; mti huo umewaua ng'ombe na mbuzi wengi walioula majani, na tumbo la mtu lina vidonda vyake.) Mwindaji aliyeweza kusema hivyo alikuwa na nadharia kamili ya njia za sumu, na aliieleza kwa lugha yake bila kukopa istilahi.

Wenzangu kadhaa katika taaluma hii hupendekeza kwamba tuunde nomino mpya, au tuitohoe ile ya Kiingereza, ili Kiswahili nacho kiwe na maneno mawili. Siafiki. Nomino mpya hukaa kamusini ikingoja mtihani, na bibi wa mwanafunzi hataisikia kamwe. Muundo tunao tayari, nao ni ule wa -a ya uhusiano pamoja na kitenzi-jina. Husema maji ya kunywa na maji ya kuoga, na hakuna mtoto anayechanganya. Tuseme basi sumu ya kudunga kwa nyoka, nge na taa. Sumu ya kutema kwa swila, ambaye huweza kuuma pia. Sumu ya kula kwa bunju. Sumu ya kugusa kwa Nairobi flai. Na juu ya hayo tuulize kama mnyama ameizalisha au ameiazima, kwa kuwa iliyoazimwa huweza kuwapo leo na isiwepo kesho. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuyafanya haya katika somo la mnyambuliko wa vitenzi bila kungoja mtaala ubadilishwe. Ampe mwanafunzi vitenzi uma, dunga, tema, paka, ponda, meza, na amtake ataje mtenda na mtendwa katika kila kisa. Litakuwa zoezi zuri kuliko Juma amempiga mbwa, ambalo limetuchosha tangu tulipokuwa shule za msingi.

Haja ni kubwa zaidi kwa sababu sayansi katika shule zetu za upili hufunzwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hupata alama zote katika swali la sumu, akarudi nyumbani likizo, na nyanyake akamkuta ameshika kiwembe ili achanje jeraha la nyoka na kulifyonza, kama alivyoona katika sinema. Kuchanja huongeza kidonda na kufyonza hakutoi kitu cha maana. La lazima ni kumtuliza mgonjwa, kuuzuia mguu usitikisike na kumfikisha hospitali. Aliyetemewa machoni naye ahitaji maji mengi safi papo hapo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni liliingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa, na hukadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 ulimwenguni kila mwaka. Wengi wao huumwa mashambani, mahali ambapo maelezo, kama yapo, yatatolewa kwa lugha ya nyumbani au hayatatolewa.

Nina ombi moja kwa walimu na wanafunzi wa Laikipia, Samburu na popote pengine msunguti unapoota. Panya-shungi ni jina nililolibuni kwa haja ya makala haya, na silitetei. Wachungaji wa huko, ambao mbwa wao wamefika nyumbani wakipepesuka, wamekuwa wakimtaja mnyama huyu kwa lugha zao tangu kabla Milne-Edwards hajazaliwa. Waulizeni wazee majina hayo likizo hii, myaandike kwa tahajia sahihi, na muwaulize pia kitenzi wanachokitumia wanaposimulia yale panya huyo anayoyafanya kwa gome la mti. Barua zitumwe kwa mhariri wa ukurasa huu.